Kuunda roboti za mashindano ukiwa mwanafunzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilianza kuunda roboti nikiwa kidato cha pili hapa Dar es Salaam. Sasa nasoma uhandisi wa mitambo, na jioni nasaidia klabu ya roboti ya shule moja ya sekondari. Kila msimu maswali yanayonifikia kutoka kwa wanafunzi, wazazi na walimu ni yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Utaona narudia imani moja: roboti rahisi iliyokamilika mapema na kufanyiwa mazoezi mengi huishinda roboti ya maajabu iliyokamilika usiku wa kuamkia mashindano.

## Kwa anayeanza

Mashindano ya roboti ni nini hasa? Roboti zinapigana?

Chache zinasukumana. Nyingi zinapewa kazi. Waandaaji hutangaza mchezo miezi kadhaa kabla: uwanja una ukubwa gani, vitu gani vibebwe, vipelekwe wapi, na kila kitendo kina pointi ngapi. Timu inabuni roboti yake kwa ajili ya mchezo huo, na msimu ukiisha mchezo unabadilika.

Aina tatu ndizo utakazokutana nazo zaidi. Ya kwanza ni roboti inayofuata mstari mweusi kwenye sakafu nyeupe, na hapa anayetumia muda mfupi ndiye mshindi. Ya pili ni sumo, ambapo roboti mbili zinasukumana kwenye duara. Sumo ndogo ina roboti zisizozidi gramu 500 na upana wa sentimita 10 kwa 10, juu ya duara lenye kipenyo cha sentimita 77. Ya tatu ni michezo ya kazi, kama FIRST Tech Challenge ya shirika la FIRST la Marekani, ambapo roboti inaanza ikiwa ndani ya mchemraba wa takriban sentimita 45.7 kila upande, inajiendesha yenyewe kwa sekunde 30, kisha inaongozwa na wanafunzi kwa dakika 2.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anaweza kulenga mashindano gani?

FIRST Global Challenge ndiyo ambayo wengi wanaiota, kwa sababu kila nchi hupeleka timu moja. Ilianza Washington mwaka 2017 na nchi zaidi ya 150, na tangu hapo huhama mji: Mexico City 2018, Dubai 2019, Geneva 2022, Singapore 2023, Athens 2024. Wachezaji ni wa miaka 14 hadi 18. World Robot Olympiad ilianza mwaka 2004 na inapokea hata watoto wa shule ya msingi. Timu yake ni wanafunzi wawili au watatu na kocha mmoja. FIRST LEGO League nayo inafaa kwa wadogo. Barani kwetu kuna Pan-African Robotics Competition, iliyoanzishwa na Profesa Sidy Ndao wa Senegal na kufanyika kwa mara ya kwanza Dakar mwaka 2016.

Ushauri wangu: usianze na ndoto ya ndege. Anza na mashindano ya shule yako dhidi ya shule jirani, hata kama uwanja ni karatasi nyeupe na utepe mweusi wa umeme. Timu nilizoziona zikifika mbali zilikuwa zimeshashindana nyumbani kabla ya kupanda ndege.

Sijawahi kushika hata bisibisi. Nianzie wapi?

Anza na bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo unayoiandikia programu) au inayofanana nayo, taa moja ndogo na waya wa USB. Washa taa, izime, ifanye iwakewake. Halafu ongeza kitufe, halafu kihisi (kifaa kinachopima mwanga au umbali), halafu mota. Kila hatua inakufundisha kitu kimoja tu, na kikiharibika unajua ni kipi. Anayeanza kwa kununua seti kubwa na kuunganisha kila kitu siku moja hujikuta na roboti isiyotembea na sababu kumi zinazowezekana.

Lazima niwe mkali wa hesabu na fizikia?

Hapana, ila roboti itakufanya uwe mkali. Mfano: gurudumu la kipenyo cha milimita 56 lina mzingo wa takriban milimita 176. Ukitaka roboti iende milimita 500, unagawanya 500 kwa 176 unapata mizunguko 2.84, yaani nyuzi 1,023 hivi. Hiyo ni hesabu ya darasa la saba, na ndiyo inayoiwezesha roboti kusimama mahali ulipotaka. Nimeona wanafunzi waliokuwa wakiikimbia hesabu wakibishana juu ya mzingo wa duara hadi mlinzi anakuja kufunga darasa.

Gharama ikoje, na vifaa tunavipata wapi?

Vitu vya lazima kununua ni bodi, kiendesha mota (kinachopeleka umeme wa betri kwa mota kwa amri ya bodi), mota zenyewe, betri na vihisi. Kwa Dar, Kariakoo ndiyo sehemu ya kwanza kutafuta. Kwa Nairobi, Luthuli Avenue. Pitia maduka kadhaa kabla ya kulipa, na omba kujaribu mota palepale kwa betri.

Mwili wa roboti usiununue. Mafundi wa madirisha ya alumini wana vipande vilivyobaki ambavyo kwao ni takataka, na kwako ni fremu nyepesi, imara na iliyonyooka. Watengeneza mabango wana mabaki ya plastiki ngumu. Printa mbovu ina vyuma vya mviringo vilivyonyooka sana, gia, mikanda na mara nyingi mota nzuri. Mfahamu fundi redio wa mtaani kwako, mwamkie vizuri, kaa naye. Kuchomea risasi utajifunza kwake haraka kuliko kwenye video yoyote.

## Kuunda mwili

Tuanze kuchora au tuanze kuunganisha?

Anzeni kusoma kanuni. Wote, si kapteni peke yake. Someni kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na kila asiyeelewa asimamishe msomaji.

Kisha fanyeni kazi ambayo timu nyingi huiruka: andikeni kila kitendo chenye pointi, pointi zake, na makadirio ya sekunde kitakazochukua. Gawanyeni pointi kwa sekunde. Mara nyingi mtagundua kwamba kitendo kinachovutia macho, kile cha kunyanyua kitu juu kabisa, kinakula nusu ya mchezo, ilhali kusukuma vitu vitano chini kunaleta pointi zilezile kwa muda mfupi. Msimu mmoja timu yetu iliacha kabisa mkono wa kunyanyua na kubaki na kikwangua cha plastiki kilichofungwa mbele. Watu walituuliza mbona roboti yetu haina mkono. Tuliingia robo fainali kwa kikwangua kile.

Baada ya hapo chukueni maboksi, kateni umbo la roboti kwa ukubwa wake halisi, na liwekeni kwenye uwanja. Kwa boksi mtajua kama itapita mlangoni, kama mkono utafika, na kama betri ina pa kukaa. Mchoro wa kompyuta uje baadaye.

Tutumie mota gani?

Mota za njano za plastiki zinazouzwa na magurudumu yake, zenye gia ya 1:48, zinatosha kwa kufuata mstari na kwa mazoezi. Kwa sumo au kubeba mizigo hazitoshi. Tafuta mota zenye gia za chuma.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba gia inabadilishana kasi na nguvu. Mota ya mizunguko 200 kwa dakika yenye gurudumu la milimita 65 inakupa karibu mita 0.68 kwa sekunde ikiwa haijabeba kitu. Je, unahitaji kasi hiyo kwenye uwanja wa mita mbili? Kwa kawaida huihitaji. Chagua mota yenye mizunguko michache na nguvu zaidi, utaiongoza kwa urahisi.

Mota zikianza tu, bodi inajizima na kuwaka upya. Tatizo ni programu?

Karibu kila mara ni umeme. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Mota inapoanza kuzunguka, au inapozuiwa isizunguke, inavuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko inapotembea kawaida. Betri dhaifu haiwezi kutoa mkondo huo, kwa hiyo volti inaporomoka kwa muda mfupi sana. Muda huo mfupi unatosha kuifanya bodi ipoteze umeme na kuanza upya. Wewe unaona roboti inashtuka, inasimama, inashtuka tena.

Cha kwanza kukagua ni betri yenyewe. Ile ya mraba ya volti 9 haifai kwa mota hata kidogo, ingawa ndiyo inayoonekana kwenye picha nyingi. Cha pili ni kiendesha mota. Kile cha L298N, chenye kipoza joto cheusi, kinapoteza karibu volti 2 ndani yake. Ukitumia betri nne za AA, yaani volti 6, mota inaambulia 4 hivi. Ukitumia seli mbili za lithiamu zenye volti 7.4, mota inapata 5.4 hivi, na hapo inachangamka. Kiendesha mota cha TB6612FNG kinapoteza volti chache kuliko hicho, ila hakipendi mota kubwa.

Cha tatu, tenganisha umeme wa bodi na wa mota, au weka kipunguza volti kwa ajili ya bodi. Ukitenganisha, usisahau kuunganisha hasi za pande zote mbili pamoja. Hasi zisipokutana, bodi inatoa amri ambazo kiendesha mota hakizielewi, na sevo (mota ndogo zinazogeuka hadi pembe unayoamuru) zinatetemeka ovyo. Nimeshapigiwa simu usiku na timu nzima iliyokata tamaa, na dawa ikawa waya mmoja mweusi.

Betri ipi ni salama kwa wanafunzi?

Kwa wanaoanza, betri za nikeli za kuchaji. Ni nzito, lakini hazina hasira. Seli za lithiamu ni nyepesi na zina nguvu, ila zina masharti: kila seli isizidi volti 4.2 ikijaa, isishuke chini ya volti 3.0, chaja iwe ya lithiamu, na asiwepo mtu wa kuichaji na kwenda kulala. Seli iliyovimba au kutobolewa haitumiki tena, hata kama bado inawasha taa.

Nunueni kipimo cha volti mapema na pimeni kabla ya kila zoezi. Roboti iliyorekebishwa na betri iliyochoka itapita kona vibaya siku betri itakapokuwa imejaa.

Roboti haiendi moja kwa moja. Inavuta upande mmoja.

Mota mbili za bei rahisi hazifanani, hata zikitoka kwenye pakiti moja. Lakini kabla ya kulaumu mota, igeuze roboti juu chini na uzungushe magurudumu kwa kidole. Moja likiwa zito, kuna skrubu iliyokazwa mno au gurudumu linasugua fremu. Angalia kama uzito umekaa katikati, na kama gurudumu dogo la mbele linageuka bila kung'ang'ania.

Ukishamaliza hayo ndipo urekebishe kwa programu: weka visoma mzunguko kwenye mota na uipunguzie kasi ile inayotangulia, au tumia kihisi cha mgeuko. Njia ya tatu, na ninayoipenda, ni kutumia uwanja wenyewe: roboti ijipange kwa kugusa ukuta au kwa kusoma mstari kila baada ya safari fupi, ili kosa dogo lisirundikane.

Waya zinachomoka kila mara.

Bredbodi, ule ubao wa matundu wa kuchomekea waya, ni ya mezani. Roboti ikishafanya kazi, chomea risasi viungo vyote, funga waya kwenye fremu kila sentimita chache, na acha ulegevu kidogo karibu na sehemu zinazosogea. Kwenye bolti za magurudumu tumia nati zile zenye plastiki ndani. Hazilegei kwa mtetemo.

Tunahitaji printa ya 3D?

Ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, msumeno wa chuma, drili na alumini vinatosha. Kipande cha kuchapisha kinachukua saa nyingi na kikivunjika uwanjani huwezi kukichapisha tena. Cha alumini unakinyoosha.

## Kuandika programu

Lugha gani tujifunze?

Ile inayokubaliwa na bodi yako na kanuni za mashindano. Watoto wadogo waanze na vipande vya rangi vya kuburuta. Arduino inatumia C++, seti nyingi mpya zinakubali Python, na FIRST Tech Challenge inatumia Java au vipande. Anayeelewa moja anahamia nyingine ndani ya muda mfupi, kwa sababu mawazo ni yaleyale: soma kihisi, amua, amuru mota, rudia.

Roboti yetu ya kufuata mstari inayumbayumba kama imelewa. Tunaitulizaje?

Inayumba kwa sababu programu yenu inajua maneno mawili tu: geuka kushoto, geuka kulia. Inahitaji kujua geuka *kiasi gani*.

Weka kihisi juu ya sehemu nyeupe uandike namba, kisha juu ya nyeusi uandike namba. Arduino Uno inasoma kuanzia 0 hadi 1023. Tuseme nyeupe imetoa 120 na nyeusi 780. Katikati ni 450, na hapo ndipo ukingo wa mstari ulipo. Roboti haifuati mstari wenyewe. Inafuata ukingo wa kushoto wa mstari.

Sasa kila mzunguko wa programu hesabu kosa: 450 toa usomaji. Lizidishe kwa namba ndogo, tuseme 0.1, upate rekebisho. Mota ya kushoto iende kwa kasi ya 120 jumlisha rekebisho, ya kulia 120 toa rekebisho. Kihisi kikiona nyeupe tupu, kosa ni 330, rekebisho ni 33, mota ya kushoto inapata 153 na ya kulia 87, na roboti inarudi kulia kuelekea mstari. Ikiwa karibu na ukingo, rekebisho ni dogo na roboti inasogea kidogo tu.

Ongeza ile 0.1 polepole. Ikiwa ndogo mno, roboti inatoka kwenye kona. Ikiwa kubwa mno, inaanza kutikisika. Ikianza kutikisika, ongeza sehemu ya pili: tofauti ya kosa la sasa na la mzunguko uliopita, nayo uizidishe kwa namba yake. Sehemu hii inafanya kazi ya breki, inahisi kwamba roboti inarudi haraka mno na kuizuia. Badilisha namba moja tu kwa wakati, na andika kila jaribio kwenye daftari. Kama bado mnahangaika, someni tena jibu la betri: mnaweza kuwa mnarekebisha namba huku volti inashuka.

Kihisi cha umbali kinatoa namba za ajabu.

Kihisi cha HC-SR04 kinatuma sauti tusiyoisikia na kusubiri mwangwi. Kila sentimita ya umbali inachukua mikrosekunde 58 hivi (mikrosekunde milioni moja ni sekunde moja) kwenda na kurudi, kwa hiyo ukuta wa sentimita 20 ni mikrosekunde 1,160. Kinafanya kazi kati ya sentimita 2 na 400. Kitambaa kinameza sauti, na ukuta uliokaa mshazari unairusha pembeni, ndiyo maana namba zinaruka. Chukua vipimo vitatu na utumie cha katikati.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: amri ya kupima mwangwi kwenye Arduino husubiri hadi sekunde 1 nzima kama mwangwi haujaja. Waya ukichomoka, roboti inaganda sekunde nzima kila inapopima. Iwekee kikomo kifupi.

Tunaruhusiwa kutumia akili mnemba kuandika programu?

Someni kanuni za mwaka husika. Hata pale inaporuhusiwa, majaji watawauliza mstari huu unafanya nini na kwa nini namba ni 0.3. Timu isiyoweza kujibu inaonekana ndani ya dakika moja. Kwangu mimi, itumieni kuelezewa kosa, msiitumie kuepuka kuelewa.

## Timu, shule na nyumbani

Timu iwe na watu wangapi, na nani afanye nini?

Mashindano yenyewe hupanga idadi. Ndani ya timu, awepo wa mwili, wa umeme, wa programu, na wa daftari. Ila kila kazi iwe na mtu wa pili anayeijua. Mwandishi wa programu akiugua siku ya safari, timu isisimame.

Daftari si kazi ya mtu asiye na kazi. Andikeni tarehe, mlichojaribu, kilichotokea, mlichobadilisha, na picha. Katika mashindano mengi ya FIRST kuna tuzo zinazotolewa kwa kuangalia kumbukumbu hizo na mahojiano, wala si pointi za uwanjani peke yake.

Mwalimu wetu hajui roboti. Tunaweza kuendelea?

Ndiyo. Mwalimu anayefungua maabara, anayezungumza na mkuu wa shule na anayekaa nanyi hadi jioni anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani. Mwalimu unayesoma hapa, usijivunge mbele ya wanafunzi. Waambie mjifunze pamoja. Maswali ya kiufundi ulizeni wanafunzi wa vyuo, wengi wetu tunafurahi kusaidia.

Na mitihani? Mzazi wangu anasema roboti itanifelisha.

Mzazi ana hoja, maana kalenda zinagongana kweli. Tangu 2022 fainali za FIRST Global zimekuwa zikiangukia Septemba au Oktoba, na za World Robot Olympiad Novemba, wakati kidato cha pili na cha nne Tanzania wanafanya mitihani ya taifa Novemba. Kwa hiyo mimi husema wazi: mwanafunzi wa kidato cha nne asiwe nguzo ya timu. Kidato cha kwanza na cha tatu ndiyo miaka ya kujenga. Wa kidato cha nne wabaki washauri, waje Jumamosi.

Mpelekee mzazi ratiba iliyoandikwa: siku za klabu, saa ya kurudi nyumbani, na wiki mtakazofunga kwa ajili ya mitihani. Kisha mwalike aje aone roboti ikitembea. Baba yangu aliacha kupinga siku alipokuja na kuanza kutushauri juu ya gia.

Mimi ni msichana, na kwenye klabu napewa daftari na kupamba bango tu.

Omba drili. Omba kwa upole mara ya kwanza, na mara ya pili mwambie mwalimu. Klabu ninayosaidia ina zamu: kila wiki kila mmoja anahama kituo, na hakuna anayeruka kituo cha umeme. Mwaka 2017 timu ya wasichana wa Afghanistan ilinyimwa viza ya Marekani mara mbili kabla ya kuruhusiwa dakika za mwisho kwenda FIRST Global, nao wakarudi na medali ya fedha ya ujasiri. Ukiona wavulana wa klabu yako wanakuzuia kushika bisibisi, mlango huo ni mwepesi kuliko ule.

## Siku ya mashindano

Tubebe nini?

Betri za ziada zilizojaa, chaja, soketi ya kurefusha waya, magurudumu ya ziada, mota moja ya ziada ya kila aina, pasi ya kulehemu, vifungio vya plastiki, bisibisi zenu wenyewe, kipimo cha volti, na nakala ya programu kwenye flashi. Kompyuta nazo ziwe mbili. Na maji na chakula. Watoto wenye njaa wanagombana.

Nyumbani ilifanya kazi, hapa haifanyi. Kwa nini?

Mwanga. Ukumbi una taa kali, au jua linaingia dirishani, na namba za vihisi zinabadilika. Ile 120 na 780 ya nyumbani hapa inaweza kuwa 260 na 820. Programu yenu iwe na kitufe cha kupima upya nyeupe na nyeusi kabla ya kila mchezo, na kihisi kizibwe pembeni kwa karatasi nyeusi ili kione sakafu tu. Baada ya mwanga, kagueni vumbi kwenye matairi: yafuteni kwa kitambaa chenye spiriti.

Ukaguzi ukoje?

Wanapima ukubwa, uzito na vifaa vilivyotumika. Pimeni nyumbani, na acheni nafasi: roboti ya sumo iwe chini kidogo ya gramu 500, kwa sababu mizani haifanani. Katika RoboMission, michezo ya kazi ya World Robot Olympiad, roboti isizidi sentimita 25 kila upande wakati wa kuanza, na timu imetakiwa kufika na vipande vilivyotenganishwa na kuiunda roboti palepale bila mwongozo. Hiyo ni sababu nyingine ya kupenda roboti rahisi. Fanyeni mazoezi ya kuivunja na kuijenga hadi mikono ijue njia.

Kuna pia kanuni ya kushtukiza inayotangazwa asubuhi ileile. Msiguse programu inayofanya kazi. Tengenezeni nakala, mbadilishe nakala.

Tumepangwa upande mmoja na timu tusiyoijua. Tufanyeje?

Kwenye FIRST Global nchi tatu huungana dhidi ya nchi nyingine tatu, na mwenzako wa sasa ni mpinzani wa mchezo ujao. Nendeni kwenye meza yao kabla ya mchezo, muulizane mambo mawili: roboti yenu inaweza nini kwa uhakika, na mtaanzia upande gani. Semeni ukweli. Timu iliyodai inaweza kunyanyua wakati haiwezi, inawaangusha wote. Na mwenzenu akikosa betri, mpeni. Huo ndio utamaduni wa mashindano haya, na majaji wanauona.

## Maswali ya pembeni

Kwenye sumo, tunaweza kupaka matairi kitu kinachonata?

Kanuni nyingi zinakataza, na kuna kipimo chake: roboti huwekwa juu ya karatasi ya A4 na kunyanyuliwa. Karatasi ikinyanyuka nayo, matairi hayakubaliki. Matairi safi ya mpira laini na bamba la mbele linalogusa sakafu vinatosha. Kumbukeni pia sekunde 5 za kusubiri baada ya kubonyeza kitufe; roboti inayoondoka mapema inaadhibiwa.

Ni vibaya kuiga roboti ya timu nyingine?

Kuiga wazo ni kujifunza, mradi mseme mmelitoa wapi kwenye daftari. Kununua roboti iliyokwisha au kumwachia kocha aiunde ni udanganyifu. Mzazi, tafadhali, rudisha bisibisi kwa mtoto.

Seti imetumwa kutoka nje na haijafika. Tusubiri?

Msisubiri. Mzigo unaweza kukaa forodhani wiki nyingi, kwa hiyo makaratasi ya msamaha wa kodi yaanze kufuatiliwa kabla haujatumwa. Wakati huo tengenezeni roboti ya boksi, chorani uwanja sakafuni, na mwandike mpango wa programu kwenye karatasi.

Tunapanda ndege. Betri ziende wapi?

Betri za lithiamu za ziada husafiri kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini, na ncha zake zizibwe kwa utepe. Kikomo cha kawaida bila kuomba kibali cha shirika la ndege ni saa-wati 100. Zidisha volti kwa saa-ampea: betri ya volti 11.1 na miliampea-saa 2,200, yaani saa-ampea 2.2, ni saa-wati 24.4, kwa hiyo iko salama. Chapisheni hesabu hiyo mkae nayo, maana mkaguzi atauliza.

Msimu umeisha. Roboti tuiweke vipi?

Toeni betri kwanza. Za lithiamu ziachwe kwenye volti 3.8 hivi kwa kila seli, mahali pakavu na pasipo joto. Hifadhini programu na picha, kisha ng'oeni mota, bodi na vihisi, mjaribu kimoja kimoja, na mbandike karatasi: kizima, kibovu, hakijulikani. Vibovu visirudi kwenye boksi la vizima.